Chui Aliyerudi na Macho Mawili

Kama ulifunga ndoa Koboko katika miaka thelathini iliyopita, au ulihitaji picha ndogo ya kitambulisho, basi bila shaka Zubeiri alikwisha kukuambia uinue kidevu, ufunge mdomo na usipepese macho. Aliwaambia hivyo hata wakubwa wa jeshi, nao wakatii. Babu yake alikuwa askari, baba yake askari, na sauti ya kuamuru aliirithi ingawa bunduki hakuwahi kuishika. Alishika kamera. Kwanza ile ya filamu, aliyokuwa akiingia nayo katika chumba cheusi nyuma ya duka na kutoka baadaye vidole vikinuka dawa. Kisha hii ya siku hizi, aliyonunuliwa na binti yake Madina, anayekaa Arua, upande wa Onduparaka.

Sasa alikuwa na miaka sitini na sita. Mkewe Fatumah alikwisha kutangulia mbele ya haki, na simu za mkononi zilikuwa zimemnyang'anya nusu ya wateja.

"Kila mutu iko na kamera kwa mfuko," alilalamika, "lakini hakuna mutu anajua kusimama."

Hayo aliyavumilia. Lililomkosesha raha ni Madina. Miezi michache iliyopita Zubeiri alikwenda kumtembelea, akatoka kwenda kuswali alasiri msikitini, akashindwa kurudi nyumbani. Mtu asiyemjua alimkuta amesimama njia panda, akachukua simu yake na kumpigia Madina. Zubeiri alieleza vizuri kabisa: siku ile kulikuwa na mechi, watu walijaa barabarani na kelele zao, akazungushwa. Nani asingepotea? Madina alisikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Baba, tuende kwa daktari akupime kichwa," alisema. "Halafu funga duka, acha kamera, kuja ukae na mimi."

Aache kamera! Ile ile aliyomnunulia kwa mikono yake! Zubeiri alinuna wiki nzima, na mzee huyu akinuna, hata chai hunywa kwa kelele.

Lakini chini ya kule kununa kulikuwa na woga, na woga huo ulikuwa na jina la baba yake. Marehemu Sebit, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akiamka asubuhi na kudai viatu vya gwaride. Aliwakaribisha chai wenzake waliokwisha kuzikwa siku nyingi, akazungumza nao pale mlangoni, akawacheka vituko vyao. Zubeiri, kijana wakati ule, alicheka pamoja na watu wengine kwa wiki ya kwanza. Baadaye hakucheka tena. Alikuwa ameona kwa macho yake jinsi jambo lile linavyoanza: mtu huona kitu ambacho hakipo, na kuwa na hakika nacho.

Kwa hiyo alijitungia mtihani wake mwenyewe, pasipo daktari. Kila siku, akisha kufunga duka, alizikumbuka picha zote alizopiga, moja baada ya moja: nani alivaa nini, nani alipepesa macho, nani alikuwa na kifungo kimoja wazi. Picha zikitoka, alilinganisha. Hakuwahi kukosea. Alijiapiza kwamba siku atakayokosea picha, siku hiyo atakwenda kwa Madina kwa miguu yake mwenyewe, bila kusubiri kubembelezwa. Ilikuwa rahisi kuapa, kwa sababu alijua hatakosea.

Ndipo mzee Dramadri akampa kazi ya wanyama.

Dramadri alikuwa mwanajeshi mstaafu wa Ayivu, jirani na Arua, na kando ya shamba lake la mihogo alikuwa amefungua bustani ndogo ya wanyama. Wanafunzi waliletwa kuwatazama. Tatizo ni kwamba wanyama hulala wanapotaka, na mara nyingi watoto walirudi nyumbani wameona mkia tu. Alitaka picha kubwa za kutundika langoni, ili hata chui akilala ndani, mtoto ajue yuko chui.

Zubeiri alishinda kule kutwa nzima, na kusema kweli alifurahi mno. Wanyama walimpendeza kuliko watu. Chui hakumwomba ampunguze tumbo. Fisi hakudai apigwe upya eti upande ule mwingine ndio mzuri. Aliisogeza kamera mpaka ikagusa waya, ili waya upotee katika picha, akangoja. Mtunzaji wa wanyama, kijana mmoja mpole aitwaye Robert, alimwambia asubiri mpaka wamalize kula, kwa sababu mnyama aliyeshiba hutulia.

Chui alikuwa mzee, na jicho lake la kulia lilikuwa jeupe kama yai lililochemshwa. Fisi alikuwa na sikio lililochanika mpaka katikati. Zubeiri aliyapenda makovu yale. Aliona ni ya heshima, kama ya askari. Na jioni, kila aliyekutana naye alisimuliwa habari ya nyani: jinsi mtoto wake alivyokaa mgongoni, jinsi Zubeiri alivyosubiri mpaka mguu ukafa ganzi, na jinsi mtoto yule alivyoinua mkono mmoja hewani hasa wakati kamera inapiga.

"Kama anapiga saluti!" alisema, na kuonyesha kwa mkono wake.

Alipofika nyumbani alifanya mtihani wake. Jicho, sikio, saluti. Zote zilikuwa kichwani, akashukuru Mungu.

Kesho yake alimpelekea kadi ya kamera binti aitwaye Night Poni, mwenye kompyuta na mashine kubwa ya kutolea picha karibu na soko la Koboko. Night Poni alikuwa amesoma darasa moja na Madina, na alikuwa hodari wa kazi. Tangu anunue ile kompyuta, hakuna bibi harusi wa Koboko aliyewahi kuonekana na chunusi.

"Binti yangu," Zubeiri alimwambia, "hii wanyama yote, nisafishie."

"Zote, Baba ya Madina?"

"Zote. Usiache hata moja. Safisha vizuri."

Night Poni aliwatazama wale wanyama kwenye kioo, akavuta pumzi. "Hii kazi mingi. Itakula siku mbili."

"Kula hata tatu," alisema Zubeiri, na aliondoka amependezwa kuona kijana wa siku hizi asiyeharakisha kazi.

Siku ya tatu alichukua bahasha ya picha kwa Night Poni, hakuifungua njiani. Alifika nyumbani, akafuta meza, akavaa miwani, akatoa picha ya kwanza. Chui alikuwa anamtazama kwa macho mawili. Macho ya manjano, makali, yanayong'aa, la kulia sawasawa na la kushoto.

Zubeiri alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Macho mawili.

Akachukua picha ya pili. Fisi alikuwa na masikio mazima, mviringo, utadhani yametoka kiwandani jana. Akachukua ya nyani. Nyani alikuwa amekaa peke yake kwenye gogo. Hapakuwa na mtoto mgongoni, wala mkono uliopiga saluti. Alizigeuza picha na kutazama nyuma yake, kana kwamba jicho jeupe, kipande cha sikio na mtoto wa nyani vingekuwa vimeangukia upande ule.

Mtu mwingine angevaa viatu na kwenda kumuuliza Night Poni. Zubeiri hakuthubutu. Night Poni angesema, "Hapana, Baba ya Madina, picha iko hivyo hivyo," na kabla ya magharibi Madina angekuwa na habari yote kule Arua. Alikaa na picha zake, akizitazama, akiogopa kuzitazama. Mwishowe alikata shauri ampigie simu Robert kule Ayivu.

"Robert, ile chui yenu, iko na macho ngapi?"

"Mbili, mzee."

"Mbili kabisa?"

"Mzee, chui yote iko na macho mbili. Kwani wewe uliona ngapi?"

"Na fisi? Masikio?"

"Mbili pia." Robert alianza kucheka, kisha akaacha. "Mzee, uko salama?"

"Niko salama," alisema Zubeiri, akakata simu.

Robert wa watu hakusema uongo. Jicho likiwa jeupe bado ni jicho, na sikio lililochanika bado ni sikio. Aliulizwa hesabu akatoa hesabu. Laiti mzee angeuliza kama jicho linaona! Lakini mtu mwenye hofu huuliza swali moja tu, tena vibaya, na jibu lolote atakalopata humwangukia kichwani.

Siku mbili zilizofuata Zubeiri hakujielewa. Alifungua duka, akalifunga, akalifungua tena kuona kama alikuwa amelifunga. Alimpiga picha mwanamke mmoja wa Lobule, akaandika kwenye karatasi kwamba amevaa kitambaa cha kijani, kisha akaitazama ile karatasi na kujiuliza kama kweli kilikuwa cha kijani. Kama macho yake yalimdanganya kwa chui, yalimdanganya mara ngapi kabla ya hapo? Wazo hilo lilimpeleka mahali pabaya zaidi. Alimkumbuka Fatumah akicheka, na mwanya wa meno yake ya mbele. Je, alikuwa na mwanya? Au mwanya huo ameubuni yeye, miaka hii ya upweke?

Alipanda juu ya kiti, akashusha sanduku la picha za zamani, akapekua mpaka akaipata ya Fatumah, ile aliyoipiga kwa filamu mwaka wa kwanza wa ndoa. Mwanya ulikuwepo. Zubeiri alikaa chini sakafuni na picha ile kifuani, akalia, hakujua ni kwa furaha au kwa nini.

Jumanne simu iliita. Madina.

"Baba, nimepata daktari. Alhamisi asubuhi. Mimi nakuja chukua wewe mwenyewe."

Siku nyingine angemfokea. Siku ile alisema tu, "Tutaona," na Madina, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, alishangaa. Kiapo kilikuwa kinamwasha Zubeiri kama upele. Amekosea picha tatu, si moja, na bado amekaa Koboko akijifanya mzima. Alijiona mwongo. Lakini kwenda kwa Madina na kusema "chukua kamera" kulikuwa sawa na kusema "nizike", na hakuwa tayari kuzikwa siku ya Jumanne.

Jumatano alikwenda kwa Night Poni. Alijipanga njiani: atasema anataka nakala ya pili, aone sura yake, asikilize atakavyojibu. Alipoingia, Night Poni alikuwa ameinamia kompyuta akitengeneza picha ya bibi harusi mmoja. Msichana yule alikuwa na kovu shavuni, refu, la kuungua. Zubeiri alisimama nyuma yake na kutazama. Kidole cha Night Poni kilibofya, kikabofya, na kovu likaanza kupotea, kutoka chini kwenda juu, mpaka shavu likabaki laini kama la mtoto.

Zubeiri alishika kiti.

"Unafanya nini hapo?"

"Nasafisha, Baba ya Madina. Karibu, kaa."

"Unasafisha nini?"

"Si picha! Kama zako. Ile jicho ya chui ilinisumbua sana. Nilichukua ya kushoto, nikageuza, nikapachika kulia. Ilikaa vizuri?"

Zubeiri alifungua mdomo. Sauti ya babu yake, ya baba yake na ya jeshi lote ikamtoka kwa pamoja.

"Mimi nilikuambia SAFISHA! Kusafisha picha iko kutia kwa dawa! Kuosha na maji! Kuanika kwa kamba! Iko kutoa kwa karatasi! Nani alikuambia kuponya chui?"

"Maji?" Night Poni alitazama kompyuta yake kwa wasiwasi. "Maji kwa hii?"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amelitumia neno lile maisha yake yote, na hakuna aliyekuwa na kosa. Zubeiri, akisema kusafisha, aliona beseni la dawa na taa nyekundu. Night Poni, akisikia kusafisha, aliona chunusi. Alimwambia kwa unyonge kwamba alishangaa sana mzee anataka fisi awe mzuri, lakini mkubwa akiagiza, yeye ni nani wa kubisha.

"Ile za kwanza ziko?" Zubeiri aliuliza kwa sauti ndogo. "Vile nilipiga?"

"Ziko zote. Mimi sifuti kazi ya mutu."

Akafungua. Chui alitokea kioo kizima, mzee, amechoka, na jicho lake la kulia jeupe kama yai. Zubeiri alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Fisi akatokea na sikio lake limechanika. Zubeiri alimpiga Night Poni begani, akamwita binti yangu, akamwita daktari wa chui, akamwombea mume mwema. Sikumbuki kuona mtu aliyefurahia jicho bovu kiasi kile. Mzigo wa siku nne nzima ulimtoka mabegani, na hapo hapo akatoa simu na kumpigia Madina, kwa sauti kubwa ili Night Poni awe shahidi.

"Madina! Baba yako iko na akili timamu!"

Akamweleza yote: kusafisha kule, kusafisha huku, Robert na hesabu yake ya macho, hata sanduku la picha za mama yake. Hakuficha kitu, maana sasa hakuwa na la kuficha. Madina alicheka mpaka akakohoa. Kisha Zubeiri akasikia kwamba hacheki tena, analia.

"Nisamehe, Baba," alisema. "Labda mimi nilikuwa nakutafutia ugonjwa. Basi, kaa na kamera yako. Nafuta ile daktari ya kesho."

"Futa!" alisema Zubeiri. "Futa kabisa!"

Alikaa sasa, amekunja nne, amekuwa mwalimu. Alimweleza Night Poni kwamba picha za mzee Dramadri zitoke upya, kama zilivyo, na makovu yote. Chui, jicho lirudi. Fisi, sikio lirudi. Night Poni aliandika kwenye daftari.

"Na nyani," Zubeiri aliendelea, "rudisha mtoto wake. Hiyo hata mimi nashangaa. Doa umetoa, sawa, lakini mtoto? Mtoto iko uchafu?"

Night Poni aliacha kuandika. "Mtoto gani, Baba ya Madina?"

"Ya kwa mgongo. Ile inapiga saluti."

"Nyani sikugusa," alisema Night Poni polepole. "Ilikuwa safi tu. Nilitoa vile ilikuja."

"Fungua."

Alifungua. Zilikuwa picha saba za nyani, zimepangwa kwa saa na dakika, na alizipitisha moja moja. Ya kwanza, nyani peke yake kwenye gogo. Ya pili, peke yake. Katika ya tano alikuwa amefunua meno. Zubeiri alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Katika ya saba nyani alikuwa amegeuka ubavu, mgongo wote uko wazi, na mtu yeyote aliyewahi kuona nyani angejua kwamba yule alikuwa dume, dume kubwa lenye manyoya mazito shingoni, na kwamba hakuna mtoto aliyekuwa amepanda pale.

"Labda ilijificha," alisema Night Poni. "Au labda uliona kwa kamera haijapiga bado. Inatokea, Baba ya Madina. Hata mimi..."

Zubeiri alifumba macho, na mtoto wa nyani alikuwepo. Aliona vidole vyake vidogo vyeusi. Aliona masikio yake mekundu jua likipita ndani. Aliona mkono ukiinuka, wazi kuliko alivyouona mwanya wa Fatumah, wazi kuliko alivyomwona Night Poni mwenyewe, na sasa alielewa jinsi baba yake alivyokuwa anawaona wale wenzake pale mlangoni, na kwa nini aliwamiminia chai. Hakuhisi kama mgonjwa, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya bodaboda bila sababu. Mwishowe akaichukua simu mezani, akabonyeza jina la binti yake. Safari hii hakuweka sauti kubwa.

"Baba!" Madina bado alikuwa na kicheko kooni. "Umesahau kuniambia nini tena?"

"Madina," alisema Zubeiri, "ile daktari ya kesho. Usifute."

Night Poni aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta karatasi za mashine.